Hilali kwenye Kioo

Jioni ya ishirini na tisa Shaabani
watu wa Newala walisimama ukingoni, Shimo la Mungu,
shingo ndefu, macho magharibi.
Mimi nilikuwa maabara, jicho moja nimelifumba,
nikiutafuta mwezi pasipo kujua
katika tone la damu ya Somoe Nampota.

Miaka minne, kilo kumi na moja.
Viganja vyake ukivigeuza
ni muhogo uliomenywa.
Husema damu nzito kuliko maji;
hii ilitambaa kwenye kioo kama maji yaliyosuuza chungu.
Kipimo kikasoma nne nukta moja.
Nikakipiga kofi kidogo, nikapima tena.
Nne nukta moja.

Bibi yake, Binti Chinduli wa Mnyambe,
alifungua pindo la khanga, akaniwekea mezani
karatasi tupu ya mseto, vidonge vyote vimeliwa.
"Wadudu mmesema wamekufa.
Sasa nani anaendelea kumnywa mjukuu wangu?"

Nikakosa jibu la haraka.
Kisha nikaiona kata ya majani bado iko begani pake, nikasema:
Bibi, ndoo ikitoboka maji hupungua, ndiyo.
Lakini ipo siku unateremka bondeni na ndoo nzima
ukakuta jicho la kisima limezibwa tope.
Damu haizaliwi moyoni.
Inazaliwa mfupani, kwenye uboho,
hapo hapo unapopanyonya ukila kongoro.

"Mfupani?"
Akaushika muundi wake,
akaubonyeza kama anayechagua nazi.
"Kilikuwa nguoni. Kumbe kimehamia ndani."

Kimehamia. Mfupa uliomshinda fisi
haukumshinda huyu asiyeonekana.
Kila chembe nyekundu anayoipasua huacha masizi,
kahawia iliyoungua, ukuta wa jiko la kubangulia korosho,
na masizi hayo hurundikana ubohoni
mahali chembe changa zinapofundwa.

Nilitaka kumwambia: ni kama kumbi la jando.
Wari wako ndani, wanavuliwa kiini,
ndipo watoke wekundu, wapakwe mafuta, washangiliwe.
Sasa kumbi limejaa moshi.
Wengine wanaota viini viwili,
wengine wanafia humo humo bila ngoma,
na nje mama zao wamekaa na nguo mpya mapajani.
Sikumwambia. Ya kumbini hayasemwi kwa wanawake,
hata na mtu wa maabara.

Nikarudi kwenye hadubini, nikauona.
Mwembamba, umepinda, doa jeusi kitovuni.
Kisha wa pili, kisha mingine. Miezi mitano, tone moja.
Hao ndio waliolala ubohoni siku kumi
wakikomaa kwenye chumba cha wenyewe
kwa godoro la wenyewe,
halafu wakatoka barazani kumngoja mbu.
Homa hawaleti tena. Wanasubiri usafiri tu.

Nje pakalipuka: Umeandama! Umeandama!
Watoto wakapiga masufuria.
Binti Chinduli akaniuliza, "Na wewe umeuona?"
Nikajibu, nimeuona.

Mjomba mtu, Mkwinda, fundi baiskeli, kundi O,
alitoa damu kabla ya daku, mikono ingali na grisi.
Damu ya kuazima hununua siku;
kisima hufukuliwa na mwenyewe.

Tangu hapo kila asubuhi, tumbo tupu,
nilipaka rangi ya buluu nikatafuta chembe changa,
zile zinazotoka bado zimebeba wavu mwembamba wa utoto.
Ramadhani mosi: hakuna.
Ya tatu: moja, nikaitilia shaka.
Ya sita: kumi na moja. Nilimwita hadi mfagiaji aje achungulie.
Ya tisa nilipoteza hesabu,
nikaanza upya, nikapoteza tena,
na nilipoinua kichwa
Somoe alikuwa mlangoni na mfupa wa kuku,
akiuvunja kwa magego,
akinyonya kilichomo.